Kabla hujabofya, waulize: uhuishaji wa kompyuta katika somo la takwimu

Swali: Mwalimu, ninafundisha takwimu mwaka wa kwanza katika chuo cha afya huku mkoani. Darasa lina wanafunzi 120, projekta ni moja, na umeme hukatika. Mada ya sampuli inawashinda kila mwaka. Wanakariri kanuni, wanafaulu mtihani, kisha kwenye ripoti zao za utafiti wanaandika mambo yanayoonyesha hawakuelewa. Mtandaoni nimeona video za vitone vinavyodondoka na kujenga umbo la kengele, na wanafunzi wanazipenda sana. Je, zinafundisha kweli au zinaburudisha tu? Kama zinafundisha, nianze na ipi wakati mimi si mtu wa programu?

Jibu: Mwalimu, zinafundisha, ila si zote, na si kwa namna zinavyoonyeshwa mara nyingi. Uhuishaji, yaani picha zinazosogea kwenye skrini, humsaidia mwanafunzi wa takwimu endapo kile kinachosogea kwenye skrini ndicho unachotaka akielewe, na endapo yeye mwenyewe amekwisha kusema anatarajia kuona nini kabla hujabofya. Likikosekana moja kati ya hayo mawili, utapata darasa lililochangamka na majibu yaleyale ya mwaka jana.

Sehemu kubwa ya takwimu za mwanzo haisogei. Mchoro wa pau, jedwali la marudio, namna ya kutafuta mediani: hivi vyote vimetulia, na kuvisogeza hakumwongezei mwanafunzi chochote. Pau zinazoibuka moja moja kutoka chini ya slaidi zinamsubirisha tu. Mwaka 2002 Barbara Tversky na wenzake wawili walipitia tafiti zilizolinganisha michoro inayosogea na ile iliyotulia. Waliona kwamba pale uhuishaji uliposhinda, mara nyingi ulikuwa umebeba maelezo ambayo mchoro uliotulia haukupewa, kwa hiyo ushindi haukutokana na mwendo. Waliona pia kwamba mwendo ukiwa wa haraka au ukiwa na mambo mengi kwa pamoja, mtazamaji hawahi kuushika.

Mada inayowashinda wanafunzi wako ni ya aina nyingine kabisa. Ukichukua watu 5 unapata wastani fulani, ukichukua wengine 5 unapata wastani mwingine, na makadirio yote tunayofundisha yamejengwa juu ya yale ambayo yangetokea kama ungerudia mara nyingi. Mtafiti anachukua sampuli moja tu na kwenda nyumbani. Hizo nyingine hakuna mahali zilipo, na kitabu hakina njia ya kuzileta darasani isipokuwa kwa alama za hisabati. Kurudia kwenyewe ndiyo mada, na kurudia ni mwendo. Kwa hiyo hapa kompyuta ina kazi halali.

William Gosset, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, alikuwa na shida hiyohiyo kabla kompyuta hazijakuwapo. Alichukua vipimo vya wafungwa 3,000, urefu wa mwili na wa kidole cha kati cha mkono wa kushoto, akaviandika kwenye kadi 3,000, akazichanganya vizuri, kisha akazigawa katika sampuli 750 za kadi nne nne na kukokotoa wastani wa kila moja. Makala yake ya 1908, aliyoitoa kwa jina la Student, ndiyo iliyotupa jaribio la t, la kupima wastani unapokuwa na sampuli ndogo. Kazi ile iliyomkalisha mezani na rundo la kadi, simu ya mwanafunzi wako inaifanya kwa kufumba na kufumbua. Na kasi hiyo ndiyo inayoleta tatizo, maana Gosset alijua kila kadi ni mtu mmoja na kila wastani umetoka wapi, wakati mwanafunzi anaona mvua ya vitone bila kujua kitone kimoja ni nini.

Swali hilo, "kitone kimoja ni nini?", liulize kila unapoonyesha uhuishaji wowote. Wengi watakujibu "ni mtu". Kwenye mchoro wa wastani za sampuli kitone si mtu, ni wastani wa watu 5. Asiyelijua hilo hata umwonyeshe vitone laki moja hatafika.

Robert delMas, Joan Garfield na Beth Chance walilifuatilia jambo hili kwa miaka kadhaa nchini Marekani wakitumia programu ya kuiga uchukuaji wa sampuli, na mwaka 1999 wakaandika walichokiona. Programu ilikuwa nzuri na michoro ilieleweka, lakini wanafunzi wengi walitoka na mawazo yaleyale waliyoingia nayo. Hali ilianza kubadilika walipowataka watabiri kwanza umbo la mchoro, kisha waendeshe programu, kisha walinganishe walichotabiri na kilichotokea. Kama jibu hili lote ni refu kwako, chukua hilo peke yake.

Sasa uanze na ipi. Ningeanza na kitu kilichoko mifukoni mwao: idadi ya watu wanaoishi nyumbani kwao. Sensa ya 2022 iliipa Tanzania wastani wa watu 4.3 kwa kaya, lakini mtawanyo wake haufanani na kengele hata kidogo. Kaya ndogo ni nyingi, na upande wa kulia kuna mkia mrefu wa kaya zenye watu 10, 12, 15. Ukianza na kundi lenye umbo la kengele tayari, hakuna atakayeshangaa kengele ikitokea.

Siku ya kwanza usiwashe kompyuta. Kila mwanafunzi aandike namba ya nyumbani kwao kwenye kikaratasi, vikusanywe kwenye ndoo, na wanafunzi waje mbele mmoja mmoja wachomoe vikaratasi 5, wakokotoe wastani, wauandike ubaoni, warudishe vikaratasi. Wakishapita wanafunzi 15 hivi, watu wameanza kuchoka na ubaoni kuna 3.6, 5.2, 4.0, 4.8 na kadhalika. Uchovu huo una faida: watakapoona kompyuta inafanya kazi hiyohiyo watajua ni kazi gani.

Kisha ingiza zile namba 120 kwenye Excel, safu ya A, kuanzia A2 hadi A121. Kwenye C2 andika =INDEX($A$2:$A$121,RANDBETWEEN(1,120)) na uivute hadi G2. Hiyo ni sampuli ya kaya 5 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Kwenye H2 andika =IF(ROW()-1<=$L$1,AVERAGE(C2:G2),""), halafu vuta mstari wote huo hadi wa 501. Umepata sampuli 500, na namba utakayoandika kwenye L1 ndiyo inayoamua ngapi zionekane. Baadhi ya kompyuta zinataka nukta mkato badala ya mkato ndani ya kanuni. Ikikugomea, jaribu hivyo.

Hapa kuna mambo mawili yanayoharibu somo zima, na sijaona maelekezo mengi yanayoyataja. La kwanza: Excel huchagua namba upya kila unapobadilisha chochote. Ukiandika 1 kwenye L1, kisha 2, ile sampuli ya kwanza imekwisha kugeuka kuwa nyingine, na mwanafunzi makini atakuuliza mbona pau ya kwanza imehama. Kwa hiyo kabla ya somo nakili C2 hadi G501 na uzibandike palepale kama namba tupu, bila kanuni. Nakala yenye kanuni iweke kwenye karatasi ya pili ya faili hilohilo, utaihitaji baadaye.

La pili ni mihimili. Usitumie histogramu ya Excel iliyo tayari, kwa sababu hujipangia upana wa pau na mahali pa kuanzia kila namba zinapobadilika. Tengeneza mafungu yako mwenyewe: kwenye safu ya J andika 0, 0.5, 1 hadi 12, na pembeni uhesabu kwa =COUNTIFS($H$2:$H$501,">="&J2,$H$2:$H$501,"<"&J2+0.5). Chora mchoro wa pau kutokana na hesabu hiyo, kisha uufunge mhimili wa wima usizidi 250. Ukiuacha mhimili ujirekebishe, mchoro wa sampuli za kaya 5 na wa sampuli za kaya 20 vitajaza skrini kwa umbo linalokaribiana, na tofauti uliyokuja kuifundisha itakuwa imefichwa na kompyuta yenyewe. Nimeona video nzuri za kitaalamu zenye kosa hilo.

Darasani, weka L1 iwe 1. Uliza kitone, au kwa hapa pau hii moja, ni nini. Weka 2, weka 3. Nenda polepole hadi 10. Hapo simama na uwape dakika mbili wachore kwenye daftari wanavyodhani mchoro utakuwa zikifika 500. Usiwape vidokezo. Wengi watachora umbo la kundi zima, lenye mkia kulia, kwa sababu wamesikia mahali kwamba sampuli kubwa hufanana na kundi ilikotoka. Ni kweli kwa sampuli moja kubwa. Si kweli kwa mtawanyo wa wastani. Wakimaliza kuchora, andika 50, kisha 500. Acha kimya kidogo. Anayeona mchoro wake haufanani na ulio ukutani ndiye aliye tayari kufundishwa, na maelezo yako ya kwa nini wastani za kaya 5 haziwezi kwenda mbali kama kaya moja moja yatapata pa kukaa.

Kisha nenda kwenye karatasi ya tatu, ambayo utakuwa umeiandaa mapema kwa njia ileile ila kwa sampuli za kaya 20, mihimili ileile. Tena watabiri kwanza: itapanuka, itabana, au itabaki? Itabana, na upana utapungua karibu nusu, kwa kuwa 20 ni mara nne ya 5 na kipeo cha pili cha nusu ni robo. Kanuni waliyokuwa wakiikariri, ya kugawanya kwa kipeuo cha pili cha ukubwa wa sampuli, sasa ina sura.

Kuna mkanganyiko mmoja ambao uhuishaji wenyewe unauzaa, na lazima uukabili waziwazi. Kwenye skrini kuna hesabu mbili: sampuli ina watu wangapi, na tumechukua sampuli ngapi. Wanafunzi wakiona mchoro unatulia na kuwa laini kadiri vitone vinavyoongezeka, wanahitimisha kwamba kuongeza sampuli ndiko kunakopunguza kosa. Hapana. Kutoka sampuli 500 hadi 5,000 mchoro unakuwa laini zaidi lakini haubani hata kidogo. Kinachoubana ni ukubwa wa kila sampuli. Tumia karatasi yenye kanuni hapa: bonyeza F9 mara nyingi mfululizo (kwenye kompyuta mpakato nyingine ni pamoja na kitufe cha Fn), pau zicheze, na uwaonyeshe kwamba upana uko palepale. Swali la mtihani linalotenganisha namba hizi mbili litakuambia zaidi ya maswali kumi ya kukokotoa.

Baada ya hapo masafa ya kujiamini ya asilimia 95, yaani namba ya chini na ya juu ambazo sampuli moja inakadiria kwamba wastani wa kweli uko kati yake, yanakuwa mepesi. Kila sampuli ichorewe mstari mlalo wake, na wastani wa kweli wa kundi uwe mstari wa wima uliosimama bila kusogea. Kwa mistari 100, takriban 5 itaukosa. Mara nyingine 2, mara nyingine 9, nalo waone. Mwanafunzi aone wazi kwamba inayorukaruka ni mistari, na ukweli umesimama. Hapo sentensi ya "kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba wastani wa kweli uko kati ya 3.9 na 4.7" itaanza kumkwaza mwenyewe. Mistari inayokosa ipe rangi ya chungwa na unene zaidi, nyingine buluu. Nyekundu na kijani baadhi ya wanafunzi hawazitofautishi.

Mfano mwingine ninaoupenda ni wa sarafu, kwa sababu unaonyesha jinsi uchaguzi wa mhimili unavyoamua funzo. John Kerrich, mwanahisabati wa Afrika Kusini, alinaswa Denmark wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na kuwekwa kizuizini, na humo akarusha sarafu mara 10,000. Kichwa kilitokea mara 4 katika 10 za mwanzo, 44 katika 100, 502 katika 1,000, na 5,067 katika 10,000. Chora mistari miwili inayokwenda pamoja. Wa kwanza uonyeshe asilimia ya vichwa: unayumba sana mwanzoni, kisha unakaa karibu na 50. Wa pili uonyeshe tofauti kati ya vichwa na nusu kamili ya mirusho: pungufu 1, pungufu 6, zaidi 2, zaidi 67. Asilimia imetulia huku tofauti ikikua. Anayeamini kwamba baada ya mikia mitano mfululizo kichwa "kinadaiwa" anapata jibu lake: sarafu hailipi deni lolote, ila mirusho inakuwa mingi hadi lile deni halionekani. Ukichora mstari wa kwanza peke yake, unaweza kuizidisha imani hiyo badala ya kuiondoa.

Kwa wastani na mediani sikushauri video kabisa. Mpe mwanafunzi kitu cha kuvuta kwa kidole. Kaya saba: 2, 3, 3, 4, 5, 6, 12. Wastani 5, mediani 4. Aivute ile ya 12 hadi 26: wastani unakwenda 7, mediani haitikisiki. GeoGebra ni ya bure, inafanya kazi kwenye simu za Android, na ikishapakuliwa haihitaji bando.

Kuhusu zile video za viputo vya nchi vinavyosogea mwaka hadi mwaka, najua utaziona. Hans Rosling, daktari kutoka Uswidi aliyewahi kuhudumia wagonjwa Nacala, Msumbiji, alizifanya zijulikane duniani kwa hotuba yake ya 2006. Rudi uitazame: kabla kiputo hakijasogea anaeleza mhimili huu ni nini, ule ni nini, ukubwa wa kiputo ni nini, kisha anakimbia nacho akikisemea. Maelezo yalikuwa yake yeye. Miaka miwili baadaye George Robertson na wenzake walilinganisha uhuishaji wa namna hiyo na michoro iliyotulia. Watu waliufurahia uhuishaji zaidi, lakini walipoachiwa wachambue wenyewe walichelewa na kukosea zaidi kuliko waliopewa michoro midogo iliyopangwa pembeni kwa pembeni. Kwa hiyo usitume video kama hiyo kwenye kundi la WhatsApp na kuihesabu kuwa kipindi.

Umeme na projekta moja visikukatishe tamaa. Rekodi skrini yako kipande cha sekunde 30 au 40 bila sauti, kwa MP4 na si GIF, maana GIF yenye picha zilezile ni nzito mara nyingi zaidi. Kikatize katikati, pale pa kutabiri, na kipande cha pili ukitume baada ya kupokea michoro yao. Na chapisha fremu sita za uhuishaji kwenye ukurasa mmoja bila namba, uzikate, uwape makundi wazipange na waeleze kila fremu ilibadilika nini. Umeme ukikatika, kipindi kinaendelea. Mimi hufanya zoezi hili hata umeme ukiwepo, kwa sababu fremu iliyosimama inampa mwanafunzi muda wa kutazama ambao video haimpi. Lugha ya programu iitwayo R, Manim (zana ya kutengeneza uhuishaji wa hisabati) na mengineyo yatakuja ukitaka; kwa mwaka huu Excel inakutosha.

Ili ujue kama wameelewa, wape swali walilolitunga Daniel Kahneman na Amos Tversky, mume wa Barbara niliyemtaja, mwaka 1972. Hospitali kubwa huzalisha watoto 45 kwa siku, ndogo 15. Kwa mwaka mzima, ipi itakuwa na siku nyingi ambazo zaidi ya asilimia 60 ya watoto ni wa kiume? Wengi wa waliojibu wakati ule walisema ni sawasawa, na wauguzi wako nao watasema hivyo. Jibu ni hospitali ndogo. Tukichukulia kwamba nafasi ya mvulana na msichana ni sawa, inatarajiwa kuwa na takriban siku 55 za namna hiyo kwa mwaka, na kubwa takriban 25. Uliza swali hilo wiki ya kwanza, kusanya majibu na uyafungie kabatini bila kusema lipi sahihi. Liulize tena baada ya wiki tatu za uhuishaji, karatasi na kalamu tu, kila mtu aandike sababu kwa sentensi mbili, kisha linganisha.